Pete ya Chuma na Mizani ya Kikula

Likasi hakuna kitu chenye shaba ndani yake kinachokufa kwa amani. Mota ya kinu ikiungua, friji ikinyamaza, chaja ya betri ikitoa moshi, tayari yupo mtu anayejua kilo yake ni faranga ngapi. Kabla mwenyewe hajamaliza kusikitika, kitu kimekwisha kupasuliwa, nyaya zimetupwa motoni ili vanishi na plastiki viungue, na jioni shaba iko guniani. Mimi ni mwalimu wa Mulungwishi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikishindana na moto huo. Nilikuwa natafuta transfoma.

Mulungwishi ni misheni ya Kimethodisti, kwenye njia ya kutoka Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi. Jina la Askofu John Springer bado liko kwenye taasisi yetu, chuo kikuu kipo, na mahali penye wanafunzi wengi wanaosomea uchungaji hapakosi kwaya. Kwaya ndiyo iliyonitia kazini. Amplifaya za dukani, yale masanduku meusi yenye taa za rangi, zilikuwa zinafika mpya na kufa kabla ya Pasaka ya pili. Nikasema nitaunda yangu: bodi mbili zenye chipu ya TDA7294, ambazo Lubumbashi zinapatikana kwa bei isiyomtisha mwalimu, spika mbili za ohmu 8, na sanduku la bati nililokunja mwenyewe. Upande wa muziki ulinipa kazi ndogo. Upande wa kuulisha umeme ndio ulionifikisha kwenye masoko ya vyuma chakavu.

Nilianza na transfoma ya kawaida, ile ya mabati yaliyokatwa kwa umbo la E na I, niliyoitoa kwenye redio kubwa ya mezani. Sauti ilitoka, lakini chini ya sauti palikuwa na mvumo mzito usiokoma. Nikabadilisha kapasita, mvumo uko palepale. Ndipo nikarefusha nyaya za transfoma, nikaitoa nje ya sanduku, nikaishika juu ya meza kwa glavu za mpira na kuanza kuigeuza polepole huku amplifaya inafanya kazi. Mvumo ukapanda. Nikaigeuza robo duara, ukashuka hadi karibu kupotea. Nikaisogeza mbali kwa urefu wa mkono, ukaisha kabisa. Hapo hapakuhitaji kitabu: usumbufu haukuwa unapita kwenye nyaya, ulikuwa unaruka hewani. Mabati ya E na I yana maungio, na kwenye maungio sumaku huchungulia nje. Ikikuta karibu yake saketi ndogo ya maikrofoni, ambako ishara ni ya milivolti chache tu, inaingia humo na kutokea spikani kama hertzi 50.

Transfoma ya pete haina maungio. Ni ukanda mrefu wa chuma chenye silikoni ulioviringishwa hadi ukawa duara nene, kisha waya ukasukwa juu yake pande zote. Sumaku inazunguka ndani ya chuma na haina sababu kubwa ya kutoka. Wala si jambo la juzi. Pete ya chuma yenye koili mbili ndiyo aliyoitumia Michael Faraday kule London tarehe 29 Agosti 1831, alipoona kwamba umeme ukiwashwa au kuzimwa katika koili moja unaamsha umeme katika ya pili. Baadaye viwanda vilipenda umbo la E na I kwa sababu ya wepesi wa kazi: koili inasukwa pembeni, mabati yanachomekwa mwisho. Pete haikubali njia hiyo ya mkato. Kila mzunguko wa waya lazima upite tunduni.

Nitaulizwa kwa nini sikununua tu moja ya zile pawasaplai nyepesi za kisasa, ndugu zake chaja za kompyuta. Ni nzuri, na mahali umeme unapotulia ningezichukua. Kwetu nimezifungua nyingi zilizokufa, na mara nyingi kilichokufa ni transista ya kuingilia, imepasuka na kuondoka na vipande vingine vitatu. Transfoma ya waya na chuma ikipigwa na umeme mkubwa hunguruma, hupata joto, na aghalabu kesho yake bado inafanya kazi. Ikiungua kweli, yupo mtu Kikula, hapo Likasi, anayeweza kuisuka upya kwa mikono. Kifaa ambacho hakuna wa kukitengeneza karibu nawe ni cha kuazima tu, hata kama umekilipia.

Sasa hesabu, maana bila hesabu unanunua chochote chenye umbo la pete. Chipu ya TDA7294 haitakiwi kufanya kazi juu ya volti 40 kila upande, chanya na hasi. Transfoma inatoa umeme wa kubadilika. Ukishapita kwenye daiodi na kujaza kapasita, volti zinapanda mara 1.41 hivi, ukitoa kidogo kinachobaki kwenye daiodi. Wengi wanasema chukua 25 na 25, upate 35. Hesabu hiyo ni ya mtu ambaye ukutani kwake mna volti 220 mchana na usiku. Kwetu mabwawa yapo, Mwadingusha kwenye mto Lufira tangu mwaka 1930, Koni chini yake, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na laini ya Inga inayovuka nchi karibu kilomita 1,700 hadi Kolwezi. Lakini mitambo hiyo ilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi, na sisi wengine tuko mwishoni mwa waya. Nyumbani kwangu mita inaonyesha 180 jioni watu wakipika. Usiku wa manane nimewahi kusoma 245. Transfoma ya 25 hupanda hadi 27 ikiwa haina mzigo, na umeme wa ukutani ukifika 245 inakuwa 30. Zidisha kwa 1.41: umevuka 40, na kwaya haijaimba hata noti moja. Kwa hiyo nilitaka 24 zilizopimwa bila mzigo, ukutani pakiwa 220. Hapo usiku wa manane ni 37 kila upande, na jioni ya mapishi ni 27. Sauti inapungua kidogo saa za jioni, wala hakuna aliyewahi kulalamika.

Nilipojua namba, utafutaji ukabadilika. Mwanzoni nilikuwa natafuta kitu chenye jina. Sasa nilikuwa natafuta kitu chenye tabia fulani, kwa jina lolote, hata bila jina.

Kuagiza nje sikukuwaza sana. Aliye Nairobi anaweza kushuka Luthuli Avenue akachagua. Mimi kilo mbili au tatu za chuma ningezilipia nauli kupita bei yake, halafu kuna forodha. Hili halichoki kunichekesha kwa uchungu. Wazee wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuifinyanga kuwa misalaba ya biashara kabla ya kampuni yoyote kufika. Shituru, upande mwingine wa mji, shaba husafishwa kwa umeme. Malori yanaibeba kupitia Kasumbalesa, na waya wa koili unaturudia ndani ya kasha kutoka Asia, umepakwa vanishi, na bei yake imepata digrii ya chuo kikuu.

Kitu cha kwanza cha maana nilichokipata kilikuwa ndani ya amplifaya ya Kimarekani, iliyoachwa zamani na familia iliyokuwa inafanya kazi misheni. Pete safi, nzito, lebo yake inasomeka vizuri. Volti 120, hertzi 60. Tungeweza kuilisha kupitia kishusha volti, lakini zile hertzi zina maana. Chuma kilichopimiwa mizunguko 60 kwa sekunde, ukikipa 50 kwa volti zilezile, kinabeba sumaku asilimia 20 zaidi. Kama aliyekiunda alikuwa mkarimu wa chuma, kinastahimili. Kama alikuwa anabana matumizi, na wengi wanabana, kinashiba, kinaanza kunguruma na kupata joto hata bila kazi. Hii niliijaribu mchana kutwa bila mzigo. Ilipofika alasiri sikuweza kuweka kiganja juu yake. Nikaifunga kwenye gazeti na kuiweka kabatini kwa ajili ya chuma chake.

Halafu zikaja stabilaiza. Kila mtaa una stabilaiza iliyokufa, na kubwa zake zina pete ndani, ya kupendeza machoni, yenye ukanda uliokwanguliwa vanishi ambapo kipande cha kaboni kinateleza juu ya waya. Naomba hapa msomaji anisikilize vizuri, maana kuna watu wanaziuza Kikula kama transfoma za amplifaya. Ile ina koili moja tu. Umeme wa ukutani na umeme unaotoka ni waya uleule, hakuna utengano. Ukiilisha amplifaya kwa hiyo, na plagi ikageuzwa, sanduku lote linakuwa na umeme wa ukutani, pamoja na ganda la maikrofoni. Na mwimba solo wetu ana tabia ya kuigusisha maikrofoni mdomoni. Chuma cha stabilaiza kinafaa, ukikivua waya wote na kukisuka upya kwa koili mbili zilizotenganishwa. Kama kilivyo, kinaua.

Mara moja muuzaji kijana alinitolea pete nzuri isiyo na vumbi, imefunikwa kwa utomvu mgumu, na juu yake imeandikwa 200/5 A. Hiyo ni ya kupimia mkondo kwenye makabati makubwa ya umeme. Haina koili ya volti 220, na kwa amplifaya haifai hata kidogo. Zaidi ya hapo, kitu cha namna ile hakitoki kwenye kabati kwa miguu yake. Nilimrudishia bila kuuliza bei. Katika biashara ya vyuma chakavu usipouliza kitu kimetoka wapi, siku moja utaulizwa wewe.

Niliyoichukua mwishowe ilikuwa katikati ya rundo la sufuria za alumini, imefungwa kwa utepe wa njano uliogeuka kahawia. Lebo ilikuwa imechanika. Palibaki nusu ya herufi moja. Kijana mwenye rundo aliinyanyua kwa mikono miwili.

“Papa, hii iko na mukuba mingi mu ndani. Tupime paka kilo.”

Tukapima. Kilo mbili na gramu mia tatu. Hapa ndipo nilipokuja kuipenda mizani, ambayo miaka yote niliihesabu kuwa adui. Transfoma ya pete haiwezi kudanganya uzito wake. Ya VA (volti-ampea) 160 ina kama kilo moja na nusu au zaidi kidogo, ya 300 inakaribia kilo mbili na robo tatu. Hii ya kilo 2.3 ilikuwa katikati, VA 200 na ushee, na mimi kwa chaneli mbili za wati 40 nilihitaji kama 160. Kwa hiyo mizani ya mtu wa mitraye, yaani vyuma chakavu, ilikuwa imeniambia ukubwa wa transfoma kabla sijagusa waya hata mmoja. Tofauti yetu ni kwamba yeye alisoma kilo akaona shaba, hali sehemu kubwa ya uzito ule ni chuma, na moto ungemwonyesha hasara yake jioni ileile. Nilimwambia hivyo. Hakuniamini, lakini alishusha bei.

Nilikwenda nayo moja kwa moja kwa mzee wa bobinaji, ambaye anasuka mota za vinu na pampu chini ya mwembe, na ana vitu viwili ambavyo mimi sina: mashine ya kupimia insulesheni kwa volti 500, na subira. Nyaya zilikuwa sita, mbili nyembamba na nne nene. Nyembamba zilionyesha ohmu nne na kitu. Kila jozi ya nene ilikuwa chini ya kile mita yangu ya bei rahisi inachoweza kusoma, maana hata nyaya za mita yenyewe zina karibu nusu ohmu. Kati ya nyembamba na nene, mashine ya mzee haikuona njia yoyote. Utengano upo.

“Sasa lete taa, mwalimu,” akasema.

Taa anayosema ni balbu ya nyuzi ya wati 100, iliyounganishwa kwa mfululizo na kitu unachokijaribu. Kama kuna mizunguko iliyogusana ndani, balbu inabaki inawaka na transfoma inasalimika. Kama yote ni mazima, inamulika mara moja na kuzima. Balbu za namna hiyo zimeanza kuadimika kwa sababu ya LED, ambazo kwa kazi hii hazisaidii chochote. Mzee anazo tatu, amezifunga kwenye vitambaa kama mayai. Tukachomeka. Balbu ilimulika, ikazima. Pete ikakaa kimya, bila hata kunguruma. Kila jozi ya nyaya nene ilitoa volti 31.

Nyingi mno. Thelathini na moja, mara 1.41, ni 43 mchana mtulivu, na chipu zangu zingekufa zikiwa mpya. Mtu mwingine angeirudisha kwenye rundo. Hata hivyo koili ya kutolea umeme ndiyo inayosukwa mwisho, iko nje, chini ya utepe tu, na inayosukwa mwisho unaweza kuifungua kwanza. Mzee alipitisha waya mwembamba tunduni mara kumi na kupima ncha zake: volti 3.4. Mizunguko mitatu kwa volti, karibu kabisa. Kutoka 31 hadi 24 ni volti saba, yaani mizunguko 21 ya kupunguza kwa kila koili. Tukakata utepe. Nyaya mbili zilikuwa zimesukwa sambamba, kwa hiyo zikafunguka pamoja, na mzee akawa anahesabu kwa sauti kila zilipopita tunduni, mimi nikiweka alama kwenye ubao kwa chaki. Tulipopima tena zilikuwa 24 na nukta mbili upande mmoja, 24 na nukta mbili upande wa pili. Kulingana huko ndiko kulikonifurahisha kuliko kitu chochote siku ile. Waya tuliotoa mzee aliuviringa na kuutia mfukoni. Huo ndio uliokuwa sehemu ya malipo.

Kuifunga kwenye sanduku kuna mitego miwili ambayo sijaiona ikisemwa vya kutosha. Pete inashikiliwa na bolti moja inayopita katikati. Ncha ya juu ya bolti hiyo ikigusa kifuniko cha bati, wakati ya chini imekwisha gusa sakafu ya sanduku, umeisukia transfoma mzunguko mmoja mnene uliojifunga. Umeme wake ni theluthi moja ya volti tu, lakini ampea zake ni za kuchomelea.

Mtego wa pili ni wa kwetu hasa. Pete ikiwashwa inavuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kapasita tupu zinaongeza. Fyuzi ya haraka inakatika. Weka ya polepole. Mafundi wa vitabuni wanaongeza kipande cha kupunguza mshtuko kinacholegea kikipata joto. Kinafanya kazi vizuri umeme ukiwashwa mara moja asubuhi. Kwetu unakatika na kurudi baada ya pumzi mbili, kipande bado ni cha moto, kimelegea, na mshtuko wa pili unapita bila kizuizi. Nimeweka rezista na relei: umeme ukikatika relei inaanguka papo hapo, na ukirudi rezista ndiyo inayopokea kwanza.

Siku ya kwanza ya kusikiliza sikuweka kwaya. Niliweka gitaa la Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 hapa hapa Likasi, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Sababu haikuwa uzalendo, au haikuwa uzalendo mtupu. Gitaa moja lina nafasi kati ya noti na noti, na ndani ya nafasi hizo mvumo wowote unajitokeza wenyewe. Nilisikia mchakacho wa rekodi ya zamani, nikasikia vidole vinavyohama kwenye nyuzi. Hertzi 50 sikuzisikia. Nikasogeza sikio hadi kwenye kitambaa cha spika, nikaongeza sauti ya maikrofoni hadi mwisho bila mtu kusema kitu, na bado hazikuwepo.

Habari kama hizi hazikai mahali pamoja. Baada ya amplifaya ile kuonekana kanisani, walikuja watu wa kwaya nyingine, na kila aliyekuja nilimweleza bila kuficha: tafuta pete, pima uzito, pima volti, fungua waya au ongeza. Niliporudi Kikula kutafuta ya pili, kijana wa sufuria alikuwa amepanga pete nne juu ya turubai, mbali na rundo, zimefutwa vumbi. Moja alikuwa ameiandikia 26V kwa kalamu ya wino, na pembeni yake palikuwa na mita ya njano, mpya.

“Papa, unatafuta ya VA ngapi?”

Bei ilikuwa mara tatu ya ile ya kwanza. Nilianza kumkumbusha kwamba sehemu kubwa ya uzito ule ni chuma tu, akacheka, akasema mimi ndiye niliyemwambia zisipimwe kilo.